Mshumaa wa darasani ukigoma: soma dalili kabla hujayeyusha upya

Mshumaa ulioharibika umebeba ushahidi wote ndani yake, na kosa kubwa tunalolifanya walimu ni kuurudisha kwenye sufuria kabla hatujausoma. Kipindi kinakaribia kwisha, watoto wamevunjika moyo, nawe unataka kila mmoja aondoke na kitu mkononi. Nta ikishayeyuka, ushahidi umekwenda. Ndiyo maana darasani kwangu kila mshumaa una kadi yake: aina ya nta na uzito wake, uzito wa manukato, joto la kuchanganyia, joto la kumiminia, namba ya utambi (inayoonyesha unene wake) na tarehe. Bila kadi hiyo, mengi ya hapa chini yatabaki kuwa ya kubahatisha.

Nimepanga matatizo kwa dalili. Katika kila dalili, sababu inayotangulia ndiyo ninayokutana nayo zaidi. Unaporekebisha, badilisha kitu kimoja tu kwa kila mshumaa wa majaribio. Ukibadilisha utambi na manukato kwa mkupuo mmoja, mshumaa unaweza kupona usijue umeponywa na nini.

Jambo moja la lugha kabla hatujaanza, maana linaweza kuleta hatari. Parafini ya mishumaa ni nta, kitu kigumu cheupe. Lakini wengi wetu tumezoea kuyaita mafuta ya taa parafini vilevile. Ukimtuma mtu, sema "nta ya parafini" na umwonyeshe ilivyo. Mafuta ya taa hayaingii katika kazi hii hata tone.

## Nta inatoa moshi jikoni

Naiweka mwanzo kwa sababu ndiyo dalili isiyosubiri.

Nta iliyo katika chombo kilichokalishwa ndani ya sufuria ya maji haiwezi kupita nyuzi 100 za Selsiasi maadamu maji yapo. Kwa hiyo ukiona moshi, ama maji ya sufuria ya chini yamekauka bila mtu kuangalia, ama kuna aliyekitoa chombo majini akakiweka juu ya jiko penyewe ili nta iyeyuke haraka. Mara nyingi ni la kwanza: mwalimu ameitwa pembeni na kikundi kingine, maji yamekwisha.

Zima jiko. Usikisogeze chombo, kwa sababu nta ya namna hiyo ikimwagika ni balaa kubwa kuliko moshi wenyewe. Funika kwa mfuniko wa chuma, rudisha wanafunzi nyuma, acha ipoe hapohapo ilipo. Usiitie manukato nta iliyokwisha kutoa moshi.

Ikishika moto, usimwage maji hata kidogo. Maji yakizama katika nta yenye joto kubwa hugeuka mvuke papo hapo na kupanuka zaidi ya mara 1,600, yakairusha nta inayowaka hewani. Silaha yako ni mfuniko, au blanketi la kuzimia moto. Usipozimika mara baada ya kufunikwa, achana nao: toa darasa zima nje, funga mlango, ita zimamoto.

Jiko ni la mwalimu peke yake. Tumia la umeme lisilo na ndimi za moto, na mfuniko uwe mezani kabla jiko halijawashwa. Ukiwa na watoto wengi na huna mtu mzima wa pili, yeyusha nta kidogo kwa kila kikundi kwa zamu. Usiweke sufuria tatu kwa wakati mmoja.

## Ukiwa haujawashwa unanukia, ukiwashwa haunukii

Hili ndilo lalamiko nambari moja, na ndilo linalowaumiza watoto zaidi, kwa sababu harufu ndiyo iliyowavuta kwenye kazi hii.

Anza kwa kuipima pua. Pua iliyokaa na harufu moja kwa saa nzima huacha kuitambua. Toka nje dakika 15 kisha urudi, au mwite mtu ambaye hakuwemo chumbani. Akisema "mnapika nini humu, kunanukia hivi?" basi mshumaa hauna tatizo.

Ikiwa kweli haunukii, angalia tarehe kwenye kadi. Nta ya soya hutaka wiki moja hadi mbili baada ya kumiminwa ili ishikamane vizuri na manukato. Ya parafini hutosheka na siku chache. Kwa ratiba ya shule, hili lina maana kwamba siku ya kumimina na siku ya kuwasha haziwezi kuwa moja. Waambie watoto mapema, wasije wakaona wamedanganywa.

Kama umri umetimia, tazama joto la kuchanganyia. Manukato yaliyotiwa nta ikiwa imeanza kupoa hayaenei sawasawa. Kwa soya, nyuzi 80 hadi 85 ni joto zuri, kisha ukoroge polepole kwa dakika 2 kamili. Mtoto akiambiwa "koroga vizuri" atakoroga mara kumi na kuacha. Mpe mwenzake kazi ya kushika saa, na dakika hizo mbili zitatimia.

Halafu kipimo. Kijiko si kipimo, wala kifuniko cha chupa si kipimo, kwa sababu mafuta mengine ni mazito na mengine mepesi. Tumia mizani, pima kwa gramu. Asilimia 6 ya uzito wa nta ni pazuri pa kuanzia: gramu 500 za nta huchukua gramu 30 za manukato. Nta nyingi hazishiki zaidi ya asilimia 10, na kuongeza juu ya hapo hakuongezi harufu. Kunazaa matatizo mengine utakayoyaona mbele.

Baada ya hayo yote, uliza manukato yenyewe yalikuwa ya aina gani. Mwanafunzi wangu mmoja alikuja na chupa ya pafyumu ya mama yake, imebaki robo, akitaka mshumaa unukie kama mama. Nilitamani sana kumkubalia. Lakini pafyumu ya mwilini sehemu yake kubwa ni alkoholi: hairuki tu ikipata joto, mvuke wake unashika moto. Tulikaa mbali kabisa na jiko, nikampa kikombe cha mafuta ya kupikia ya baridi, akatia matone machache. Yalitanda juu kama ngozi nyembamba. Akakoroga, yakavunjika vitone, na alipoacha yakapanda tena juu. Alirudia mara tatu, kisha akasema mwenyewe, "Havitaki kukaa pamoja." Tulinusa mafuta ya manukato ya mishumaa yote niliyokuwa nayo mpaka tukapata yaliyokaribia ya mama.

Vionjo vya keki vina shida hiyohiyo, kwa kuwa vimeundwa kwa maji au alkoholi. Mafuta halisi ya machungwa na malimau yanachanganyika na nta, ila huruka upesi na kubaki hafifu.

Ukiwa umepita yote haya na harufu bado haipo, tatizo ni utambi mdogo. Harufu hutoka katika dimbwi la nta iliyoyeyuka kuzunguka moto. Dimbwi likiwa dogo kama sarafu, harufu nayo itakuwa ndogo.

## Mshumaa unachimba shimo katikati, kando nta haiyeyuki

Sababu inayotangulia zote ni kwamba uliwashwa kwa muda mfupi mara ya kwanza. Kanuni inayofaa ni saa 1 kwa kila sentimita 2.5 za upana wa chombo. Chombo cha sentimita 7.5 kinataka kama saa 3 ili nta iyeyuke mpaka ukingoni. Kipindi cha dakika 40 hakifiki hata robo ya muda huo! Ukiuwasha mbele ya darasa na kuuzima kengele inapolia, umeshauchorea duara, na safari ijayo utashuka kwa kufuata duara hilo.

Dawa ni kuchagua vyombo vidogo. Vya upana wa sentimita 4 hadi 5 vinaweza kujaribiwa kwa saa 2, mwalimu akiwa palepale. Na mshumaa wowote, mkubwa kwa mdogo, usipitishe saa 4 mfululizo.

Ikiwa muda ulitosha, basi utambi ni mwembamba kuliko chombo. Hili nalionyesha kwa mishumaa miwili iliyotoka chombo kimoja cha kuyeyushia, yenye utambi wa namba ileile, mmoja katika glasi nyembamba na mwingine katika glasi pana. Ule mwembamba unaungua bapa mpaka chini. Ule mpana, moto unazama siku hadi siku, ukuta wa nta nyeupe ukibaki umesimama kando yake, mpaka mwanga unaonekana kama wa taa iliyo ndani ya kisima. Watoto wakiviona viwili hivyo bega kwa bega, hawaulizi tena kwa nini utambi una namba.

Shimo likienda upande mmoja, utambi haukukaa katikati, au kuna upepo. Zima feni kabla hujalaumu utambi.

Mshumaa ulioanza kuchimba unaweza kuokolewa: zungushia mdomo wa chombo karatasi ya alumini, ikunje kwa ndani ifunike kingo na kuacha tundu pana katikati, kisha uwashe. Joto linabaki ndani na kuyeyusha ukuta. Kazi hii ni ya mtu mzima asiyeondoka hapo, kwani karatasi na chombo hupata moto mkali.

## Moto mrefu, masizi, na kichwa cheusi juu ya utambi

Ili kuelewa dalili hii na inayofuata, wanafunzi wajue kwanza kwamba kinachowaka si utambi, na wala si nta ya maji. Ni mvuke wa nta. Utambi ni mrija tu: unanyonya nta iliyoyeyuka na kuipeleka penye joto igeuke mvuke. Mwanasayansi Michael Faraday alizungumza na vijana mjini London katika taasisi ya sayansi ya Royal Institution, msimu wa Krismasi wa 1860, mihadhara sita mizima juu ya mshumaa tu, na onyesho hili bado halijapitwa: zima mshumaa, usogeze kiberiti kinachowaka kwenye uzi wa moshi mweupe unaopanda, na moto utarukia chini kwenye utambi bila kiberiti kuugusa.

Kwa hiyo moto ukiwa mrefu na wenye masizi, utambi unanyonya nta nyingi kuliko hewa iliyopo inavyoweza kuiunguza.

Sababu ya kawaida ni kwamba haukupunguzwa. Kabla ya kila kuwasha, kata utambi ubaki milimita 5 hadi 6, mshumaa ukiwa umepoa, na ukitoe kile kipande kilichokatwa kisibaki ndani ya nta. Kile kichwa cheusi kama uyoga ni kaboni. Kikianguka ndani kinaweza kuwa utambi wa pili.

Ikiwa ulipunguza na bado masizi yanapanda, tazama upepo, halafu utambi mnene kuliko chombo, halafu manukato yaliyozidi.

Sababu ya mwisho ni adimu lakini ndiyo mbaya: mapambo. Watoto wanapenda kupachika maua makavu na vipande vya viungo juu ya nta, na kwa macho ni vizuri kweli. Lakini ua kavu lililolowa nta ni utambi. Nimeacha kabisa kuyaruhusu kwenye mishumaa itakayowashwa. Anayetaka maua ayabandike nje ya chombo, au atengeneze kipande cha nta yenye harufu kisicho na utambi, cha kuweka kabatini.

Acha hapo moto ukipita sentimita 7, moto ukitokea mahali pawili, au chombo kikilia au kuonyesha ufa. Funika kwa mfuniko wa chuma, usipulize, usimwagie maji, usikishike chombo. Mshumaa huo hauwashwi tena.

Kuhusu tambi za zamani zenye waya ndani: zamani waya huo uliweza kuwa wa risasi, metali yenye sumu, na Marekani ilizipiga marufuku mwaka 2003. Ukirithi shehena isiyo na maelezo, sugua ncha ya waya kwenye karatasi nyeupe. Ikiacha mstari wa kijivu kama wa penseli, tupa zote, kisha unawe mikono. Pamba iliyosukwa, isiyo na waya, ndiyo ifaayo watoto.

## Moto unadumaa au unazimika wenyewe

Utambi umekatwa mfupi mno na kuzama. Mwaga nta kidogo iliyoyeyuka kwenye kopo, ncha ichomoze, uwashe tena. Ikitokea mara ya pili, utambi ni mwembamba.

Pili ni rangi. Kalamu za nta za kuchorea zinapendwa kwa kuwa zipo kila darasa, lakini chembe zake za rangi huziba ule mrija. Rangi ya chakula nayo ni ya maji: inazama chini kwa matone na haikolei. Tumia rangi maalumu za mishumaa zinazoyeyuka katika mafuta, kidogo sana.

Ukisikia mshumaa unatatarika kama kitu kinachokaangwa, kuna maji. Yameingia kutoka sufuria ya chini, au chombo hakikukaushwa. Funika kwa mfuniko ili uuzime; mshumaa wa namna hiyo uyeyushwe upya, uache maji yajitenge chini, na umimine nta ya juu tu.

Tatu, utambi mkavu. Uzi wa pamba ambao haukuchovywa kwenye nta na kunyooshwa kabla ya kupachikwa huungua wenyewe badala ya kunyonya.

## Nta imebonyea kuzunguka utambi, au imepasuka

Nta husinyaa inapoganda, na ya parafini husinyaa zaidi ya soya. Kubonyea kidogo ni maumbile yake. Kukiwa kwingi, mara nyingi ilimiminwa ikiwa ya moto mno, au chombo kilikuwa baridi, au mshumaa ulipelekwa kwenye jokofu ili upoe haraka. (Jokofu ni kishawishi kikubwa siku ya kipindi kimoja. Likatae.)

Kwa soya, mimina kwenye nyuzi 55 hadi 65, au kama karatasi ya maelezo ya nta inavyoelekeza. Acha ipoe mezani, vyombo vikiachana kidogo.

Usijaze shimo kwa juu tu bila kuchunguza, kwa kuwa chini yake panaweza kuwa na tupu lililofichika, na moto ukifika hapo nta hushuka ghafla. Nta ikiwa imeganda nusu, toboa matundu kwa kijiti karibu na utambi, kisha mimina safu nyembamba yenye joto lililozidi la ile ya kwanza kwa nyuzi chache.

## Ukungu mweupe, madoa kwenye kioo, rangi iliyogeuka kahawia

Hayana madhara. Ukungu ni fuwele za nta ya soya, na sehemu zinazoonekana kama zimelowa ni pale nta ilipoachia kioo. Kupasha glasi kidogo kabla ya kumimina kunasaidia. Ukahawia ni kawaida ya manukato yenye vanila. Kama kuna haja ya kuuficha, tia rangi ya kahawia tangu mwanzo.

## Matone ya mafuta juu ya nta

Manukato yamezidi, au hayakukorogwa, au mshumaa umekaa mahali pa joto. Pangusa kwa karatasi, uhamishe, usubiri siku moja. Matone yakirudi, usiuwashe: mafuta yaliyojitenga yanaweza kushika moto juu ya nta. Uyeyushe, uongeze nta tupu mpaka uwiano urudi asilimia 6.

## Mtoto anaumwa kichwa, anapiga chafya, au kifua kinambana

Usimwambie avumilie. Fungua madirisha, funika chupa za manukato, mtoe nje. Kwa kawaida tatizo ni chupa nyingi zilizofunguliwa kwa pamoja. Weka moja wazi kwa wakati mmoja, na wanuse kupitia kipande cha karatasi, si mdomoni mwa chupa.

Anayejulikana kuwa na pumu apewe kazi ya mizani au kadi mbali na sufuria, kama wazazi wameridhia awemo. Akianza kukoroma kifuani, kazi yote inasimama, atumie dawa yake ya kuvuta, na asipopata nafuu upesi mpeleke kwa daktari.

## Nta imemwagikia ngozi

Peleka kiungo chini ya maji baridi ya bomba yanayotiririka, dakika 20 kamili. Vua pete na saa kabla hapajavimba. Nta iliyoganda usiibandue kwa nguvu, itatoka na ngozi. Usipake dawa ya meno, siagi wala barafu.

Mpeleke hospitali ikiwa imemwagika usoni, kwenye jicho, mkononi au kwenye kiungio. Ikiwa eneo ni kubwa kuliko kiganja chake. Ikiwa kuna malengelenge. Au ikiwa ngozi imekuwa nyeupe na haisikii maumivu. Hili la mwisho linahadaa, kwa sababu mtoto haliilii.

## Sinki haipitishi maji baada ya kipindi

Mtu ameoshea chombo cha nta kwenye sinki. Usimwage maji ya moto: yataiyeyusha nta hapo ilipo, nayo itaganda mbele zaidi, mahali ambapo mkono haufiki. Fungua ile kona ya bomba chini ya sinki kama unaijua, weka ndoo, kwangua. Ukikuta kona ni safi, nta imeshapita. Mwite fundi bomba umweleze wazi kuwa ni nta, asije akamimina dawa ya kuzibulia. Siku nyingine, pangusa vyombo kwa karatasi vikiwa bado vuguvugu, na karatasi iende kwenye pipa la taka ikishapoa.